Maji ya…fika Hapa

Marehemu Mchoraji alikuwa na zoea ambalo mkewe hakulivumilia kamwe: nyuma ya kila picha aliandika sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa na kosa.

Picha zenyewe zilikuwa za mji wao. Mtu aliutambua mtaa, akalitambua duka la dawa lenye ngazi za saruji, akaitambua stesheni ya mabasi. Ila kila mahali palikuwa na maji ya rangi ya chai iliyolala, na mawingu yalikuwa yameinama hadi kugusa mapaa. Nyuma, kwa brashi nyembamba, paliandikwa: “Maji yalifika hapa.”

“Hayajafika,” mkewe alimwambia alipoiona ya kwanza. Alikuwa mwalimu wa lugha tangu usichana wake, na hata wazazi wa wanafunzi walimwita Wino Mwekundu. “Jambo lisilotokea halipewi *li*. Andika *yatafika*, au usiandike kitu.”

“Wewe sahihisha madaftari, mke wangu. Mimi naandika nilichokiona.”

“Umekionea wapi?”

Mchoraji aliendelea kuosha brashi zake.

Alipokwisha kuzikwa, dhoruba ya kwanza ikaja. Maji yalizipanda ngazi za duka la dawa, yakasimama chini kidogo ya kitasa cha mlango, pale pale brashi ilipopita. Dhoruba ya pili iliingia stesheni na kukomea kwenye kidirisha cha tiketi, kama ilivyochorwa. Wino Mwekundu alizigeuza picha zote zikaelekea ukutani. Na katika kuzigeuza, nyuma ya kabati akaikuta picha moja ambayo hakuwahi kuonyeshwa.

Ilikuwa ya chumba cha binti yao, fundi cherehani: chumba cha chini, barabara ya bondeni, ambamo alishona na kulala. Maji yalikuwa yamefika usawa wa meza ya cherehani. Taa iliwaka. Mbele ya cherehani aliketi mwanamke aliyempa mtazamaji mgongo, amejitanda mtandio wa buluu, wala hakuonekana kuwa na haraka. Wino Mwekundu aliigeuza picha. “Maji ya…fika hapa.” Katikati ya kitenzi paliachwa pengo la kutosha herufi mbili.

Mumewe hakuwa mtu wa kukosa neno. Pengo lile ameachiwa yeye.

Redio ilikuwa imetangaza dhoruba nyingine tangu asubuhi. Aliuvuta mtandio uliokuwa karibu na mlango, akaifunga picha kwa shuka, akateremka bondeni.

“Funga virago, twende kwangu,” alisema kabla hajavuka kizingiti.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Funga virago.”

“Na sare hizi za shule je? Wenyewe wanazitaka Jumatatu. Maji ikija, nitapanda juu ya meza.”

“Maji yakija.”

“Haya, yakija. Hata yakija na sarufi yake, nitapanda juu ya meza.”

Mama hakucheka. Aliifungua picha, akaiegemeza ukutani. Mguu wa binti ukaacha kukanyaga cherehani. Aliinama karibu na picha, akasema:

“Kumbe umeogopa hii. Lakini, Mama, huyu si mimi.”

“Ni nani mwingine anayeketi hapo?”

“Tazama mabega. Huyu ni wewe. Na mtandio huo umeuvaa sasa hivi.”

Wino Mwekundu aliutazama mtandio wake wa buluu kana kwamba mtu amemvisha bila yeye kujua. Mabega yale hakuweza kuyakana wala kuyakubali. Hakuna mtu anayeyajua mabega yake kwa nyuma. Alitaka kusema kwamba hajui hata kutunga uzi katika sindano. Badala yake alisema:

“Vizuri. Basi niachie kiti changu.”

“Mama!”

Alimshika binti kiwiko, akamwinua, akaketi mbele ya cherehani, akaupa mlango mgongo. “Usipoondoka, siondoki.”

“Huu sasa ni utoto. Inuka hapo.”

“Nimekwisha kusema.”

Mvua ilianza kuyapiga mabati. Giza la mawingu lilipoingia chumbani, binti aliwasha taa, akaenda mlangoni kutazama barabara. Alipogeuka, aliiona picha ile ile. Mgongo ule, mtandio ule, taa ile: vyote vilikuwa mahali pake. Kilichopungua kilikuwa kinapita chini ya mlango, chembamba kama uzi, kikielekea miguuni mwa mama yake.

“Maji yanakuja, Mama,” alisema. Hakukosea. “Tuondoke. Tuondoke sote.”

Walikigeuza kiti juu chini wakakiweka juu ya meza, wakaifunga tena picha kwa shuka, wakajitwisha mabunda ya sare, wakapanda mlima.

Siku maji yalipopungua walirudi pamoja. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, usawa wa meza ya cherehani. Kiti hakikuwa juu ya meza. Kilisimama sakafuni kwa miguu yake minne, mbele ya cherehani, kimeupa mlango mgongo.

“Maji yana nguvu,” binti alisema.

“Yana nguvu,” mama aliitikia, na hakuna aliyekigusa.

Nyumbani, Wino Mwekundu alichovya brashi ya mumewe, akajaza pengo: *li*. Kisha, kwa kuwa hakupenda taarifa nusu, akaongeza sentensi yake: “Hapakuwa na mtu.” Upatanisho ulikuwa sawa, wakati ulikuwa sawa, nukta ilikuwa mahali pake.

Binti aliigeuza picha. Mwanamke alikuwa angali ameketi mbele ya cherehani, maji yamemfika kiunoni, hana haraka.

“Basi huyu ni nani, Mama?”

Wino Mwekundu aliichukua picha mikononi mwake, akaigeuza tena nyuma, akaisoma sentensi ile ya pili polepole, neno kwa neno, akitafuta kosa.