Nanga Iliyobaki Mlangoni

"Nilikwambia uipakie!"

"Wewe ndiye uliyeiweka mla—"

"Usinikatize! Nilisema pakia, na wewe—"

"—ngoni, Mjomba! Mlangoni, kwa mikono yako mwenyewe!"

Tulikuwa tunagombania nanga. Mlango wa stoo ya posta una tabia ya kujibamiza upepo ukivuma, kwa hiyo kila tukipakia boti, mjomba, ambaye ndiye nahodha, anauzuia kwa nanga. Leo tulipakia mifuko ya barua, dawa za zahanati na cherehani ya fundi wa kisiwa cha mwisho. Nanga ikabaki kulinda mlango.

Sasa injini imezima, na mkondo unatusukuma mwambani.

"Chuo umekiacha nusu, nanga umeiacha nzima!"

"Na wewe lini utaacha kelele?"

Ndipo mwamba ukaanza kusikika. Ulikuwa unanyonya maji na kuyatema, kama mtu anayesukutua mdomo.

"Mjomba, humu kuna kitu gani kizito?"

Macho yetu yakaangukia sanduku la cherehani kwa pamoja.

"Hiyo ni mali ya mtu," akasema. "Sijawahi kupoteza hata bahasha, mimi."

"Hatuitupi. Tunaifunga."

Nikavunja sanduku. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga, na miguu yake ya chuma. Nikaizungushia kamba, nikapiga fundo juu ya fundo. Tukaisukuma majini.

Kamba ikakimbia. Ikalegea. Boti ikaendelea tu na safari yake, mpaka nikawaona kaa wakitembea mwambani bila wasiwasi wowote. Halafu huko chini kitu kikang'ang'ania kitu, kamba ikakaza, tukaanguka chali wote wawili. Boti ikasimama.

Nikacheka kama kichaa. "Fundi atatushona midomo!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa anaangalia kamba inavyosagika ukingoni mwa boti, uzi mmoja ukikatika, halafu mwingine. Akavua kofia. Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, kama anayeingia sebuleni kwa watu.

"Mpwa wangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, "hebu nifundishe kuogelea."