Mke wa Torquil Aenda Iona

Tangu washuke kwenye kivuko pale kisiwani Iona, Seonaid hakutulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwachia jirani mumewe, Torquil, ambaye siku hizi alikuwa amesahau hata majina ya wanawe. Ndani ya magofu ya nyumba ya masista, upepo ukiingia pasipo paa, alizunguka huku na huko akichungulia gatini.

"Kaa basi, dada," alisema Ishbel, mdogo wake. "Masista wenyewe walishakufa wote, hakuna wa kukufukuza."

"Atakuwa analia sasa hivi. Akinikosa hulia."

"Si umpigie simu jirani, tule kwa amani?"

Seonaid akapiga. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Vipi?"

"Amekula supu yote, anacheza na mbwa. Hajaniulizia hata mara moja."

Ishbel alitoa yai la kuchemsha kwenye kikapu chao, akammenyea. Seonaid aliketi juu ya ukuta uliobomoka, akala polepole huku machozi yakimtoka. Kivuko kilipoondoka tena, hakuinuka.

"Yamebaki mayai mengine?" aliuliza.