Waya Mwembamba

Othman Hassan alikuwa amefanya kazi ya waya za magari mjini Kitui kwa miaka kumi na tisa. Gari likikataa kuwaka au taa zikififia, mwenye gari aliambiwa, "Mpelekee Othman, pale nyuma ya kinu cha posho." Babu yake alitoka pwani kununua ngozi, akaoa huku, akabaki. Othman alisema Kikamba kabla ya kusema Kiswahili, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi kwa kulalamika.

Jumatatu moja ya mwaka 1987, saa tatu asubuhi, Mwalimu Nzioka aliingia uani kwake na gari linatoa mvuke. Lilikuwa Pijo 404 la rangi ya maziwa, la mwaka wa sitini na sita. Alilinunua alipopewa ualimu mkuu, akastaafu nalo. Kwenye kiti cha abiria alikaa mkewe, Nzilani. Miezi minane nyuma alikuwa amepooza upande wote wa kulia na maneno yakamtoka. Ili asianguke kwenye kona, mumewe alikuwa akimfunga leso kiunoni, akiizungusha nyuma ya kiti na kukaza fundo huko.

"Wakya, fundi," Nzioka alimsalimu kwa Kikamba.

"Aa, Mwalimu. Naona leo linachemka."

"Feni imekatika mapanga mawili. Nimeuliza Machakos, nimeuliza Nairobi. Wananicheka. Wanasema gari hili nilipeleke makumbusho." Nzioka alifungua boneti akarudi nyuma kuukwepa mvuke. "Mlima wa kwenda kwetu Kikima siuwezi tena. Alhamisi nilisimama mara nne. Mama Kavata huyu alikaa juani saa nzima, na hawezi hata kuniambia ana kiu."

Kila Jumatatu na Alhamisi alimleta mkewe kutoka Kikima, huko Mbooni, hadi hospitali moja ya misheni karibu na Kitui. Huko kulikuwa na muuguzi mwenye mkono mwepesi wa kunyoosha viungo. Ilikuwa safari ya saa tatu kwenda na tatu kurudi, lakini vidole vya kulia vya Nzilani vilikuwa vimeanza kukunjika. Nzioka alizunguka upande wake akasema, "Muonyeshe fundi." Nzilani akautazama mkono ule kama mtu anayemtazama mtoto mvivu, na polepole vidole vikafumba, nusu ngumi.

"Mashallah," alisema Othman.

Alikuwa na feni ya umeme aliyoitoa kwenye Pijo jingine lililopinduka, jipya kuliko hili. Alikuwa ameihifadhi juu ya kabati kwa mwaka mzima. Alimwambia Mwalimu ampeleke mama hospitalini kwa gari la jirani, arudi saa nane.

Kazi yenyewe aliipenda. Alifungua feni ya zamani, akakata vipande vya chuma, akaifunga mpya mbele ya rejeta, akaizungusha kwa kidole kuona kama inagusa mahali. Ilizunguka bila kugusa. Lakini feni ile ilikula umeme mwingi, ilihitaji rilei, kile kiswichi cha kuhimili umeme mkubwa, na waya mnene kutoka kwenye betri. Rilei hakuwa nayo, kwa hiyo aliichomoa ile ya honi. Waya mnene ulikuwa umekwisha wiki iliyotangulia, na mzigo mwingine ungefika Jumatano. Alichokuwa nacho ni waya wa taa.

Alifunga waya wa taa. Aliupitisha kwenye tundu la bamba nyuma ya injini, ukapita chini ya dashibodi, upande wa abiria hadi upande wa dereva, akaweka swichi karibu na goti la Mwalimu. Alipowasha, feni ilivuma vizuri, kisha ikazima. Fyuzi ilikuwa imekatika. Aliweka nyingine, nayo ikakatika. Kila fundi waya anajua maana yake. Fyuzi inakufa ili waya upone, na ikikatika mara mbili inakuambia kwamba waya umeelemewa. Othman alilijua hilo tangu akiwa na miaka kumi na sita. Alisimama na kile kipande kilichoungua kiganjani, akauwaza ule mlima, na yule mama juani. Kisha akaweka fyuzi kubwa zaidi. Feni ikavuma, haikuzima tena.

Ni mpaka Alhamisi tu, alijiambia.

Nzioka aliporudi na mkewe, Othman alimwonyesha swichi. "Ukianza mlima, washa. Na ukifika juu usizime haraka. Hata ukizima injini, iache feni ipulize mpaka mshale wa joto ushuke."

"Sawa."

"Halafu honi haitalia. Nimeazima kitu chake. Alhamisi ukija nitakurudishia, na nitabadilisha waya, niweke mnene."

"Honi ya nini? Mimi sipigii mtu honi." Nzioka alikuwa akicheka. Othman hakuwa amemwona akicheka tangu mkewe augue. Nzilani aliinua mkono wa kushoto dirishani, gari likatoka.

Siku ya Alhamisi waya mnene ulikuwa tayari mezani, umekatwa kwa kipimo. Othman alimngoja Mwalimu hadi saa kumi. Ijumaa, akitoka msikitini, alikutana na Muthama, mtu wa Kikima aliyeleta kabichi sokoni.

"Umesikia ya Mwalimu Nzioka? Gari lake limeungua. Jumatatu jioni, pale pale sokoni kwetu. Mama alikuwa ndani, amefungwa na leso. Tuliikata kwa panga tukamtoa, lakini jana amefariki."

Othman alishika mkokoteni wa Muthama. "Moto ulitoka wapi?"

"Nani ajuaye? Gari la zamani lile. Watu wanasema ni petroli."

Kwa wiki mbili hakumwambia mtu, hata mkewe Mishi, aliyeona anaacha chakula na kudhani ni malaria. Mazishi yalipita. Jumamosi iliyofuata alipanda basi la asubuhi, akafika Kikima saa sita, akauliza njia.

Nzioka alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye kiti cha mbao, kofia magotini. Alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili. Alimkaribisha kwa kichwa. Othman hakukaa.

"Mwalimu, pole. Nimekuja kukuambia kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Alimwambia yote. Waya wa taa, fyuzi ya kwanza, fyuzi ya pili, ile kubwa. Hakujitetea kwa mzigo ambao haukuwa umefika. Nzioka alimsikiliza kama alivyosikiliza wanafunzi kwa miaka thelathini, bila kumkatiza.

"Mchungaji alisema Bwana alimhitaji," alisema mwishowe. "Nilikaa pale kanisani nikaitikia amina. Kumbe Bwana alihitaji fyuzi."

"Nitakwenda polisi, Mwalimu. Nitaandika maelezo."

"Njoo huku."

Nyuma ya ghala la mahindi kulikuwa na mabaki ya gari, meusi, bila vioo, viti vimebaki springi tu. Wanaume wa kanisa walikuwa wamelivuta hadi pale kwa sababu hawakujua pengine pa kulipeleka. Nzioka alisimama kando ya mlango wa abiria. "Nionyeshe moto ulipoanzia."

Othman aliinama, akaonyesha chini ya dashibodi. Waya haukuwepo tena, ilibaki alama tu kwenye bati.

"Unaanza moshi au moto?"

"Moshi, Mwalimu. Mpira wa waya unayeyuka kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tatu. Labda nne."

Nzioka alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa dukani kwa Mbuvi, nimekwenda kununua sukari. Nilizima injini, nikaacha feni ipulize, kama ulivyosema. Sukari nilishapewa. Lakini nilikuta watu pale, nikaanza kuwasimulia juu ya feni yako. Niliwaambia tumepanda mlima wote bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa nawaambia hivyo, fundi. Dakika nne zote."

Othman aliuondoa mkono wake kwenye bati.

"Sisi wawili tulikuwa na mpango, mimi na yeye. Nikishuka garini na yeye akitaka kitu, anaegemea usukani anapiga honi kwa mkono wake mzuri. Mama mmoja anayeuza ndizi pale alimwona akiulalia usukani. Alidhani amechoka." Sauti ya Nzioka haikupanda wala kushuka. "Uliniambia honi haitalia. Nami nikacheka. Saa tatu nzima nimekaa naye garini kutoka Kitui, na sikumwambia."

"Honi niliitoa mimi, Mwalimu."

"Hiyo ni yangu, usinichukulie. Wewe beba waya wako. Usiende polisi. Watakuuliza, kisha wataniuliza na mimi, na mwanangu atasikia."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa, akatoka Kavata, binti yao, aliyekuwa amechukua likizo kazini Nairobi. Alikuwa na macho ya mama yake. Alipoambiwa mgeni ni nani, aliharakisha kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ni wewe uliyeweka feni? Baba alisema ulimsaidia sana. Na umetoka Kitui mpaka huku kutuona? Mungu akubariki. Kaa, chai iko tayari."

Othman alimtazama Nzioka. Nzioka alikuwa akitazama kofia yake.

Alikaa, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa. Alipewa chai ya maziwa na viazi vitamu, na Kavata akamhadithia jinsi mama yake alivyokuwa ameanza kufumba ngumi. Alikinywa kikombe chote. Alipoaga, binti alimsindikiza hadi barabarani akimwombea safari njema.

Jumatatu alirudi kazini. Mtu alileta lori lililokuwa na shida ya taa za nyuma, kazi ya dakika ishirini. Othman aliifanya tangu asubuhi hadi saa tisa. Alifunga, akafungua, akapima, akafungua tena, mpaka mwenye lori akaondoka kwa hasira. Ikawa hivyo wiki ile na iliyofuata. Kabla ya mwezi wa Ramadhani alifunga kibanda. Mishi alipomuuliza sababu, alimwambia macho yamechoka, na Mishi, aliyejua kwamba macho yake yalikuwa mazima, hakuuliza mara ya pili. Shemeji yake alikuwa na ghala la nafaka kwenye kituo cha Kwa Vonza, kando ya barabara ya Kitui, akampa kazi ya mizani.

Alimwona Nzioka mara moja tu baada ya hapo, mwaka wa tisini. Basi la kwenda Kitui lilisimama mbele ya ghala, wazee wakashuka kunyoosha miguu, naye akiwa mmoja wao, amekonda, koti limemzidi. Walionana papo hapo, hapakuwa na pa kujificha. Walipeana mkono. Kiganja cha Nzioka kilikuwa na makovu laini.

"Unafanya nini siku hizi, fundi?"

"Napima maharagwe, Mwalimu."

"Vizuri."

"Na wewe? Kanisani mnaendeleaje?"

"Siendi."

Walisimama bega kwa bega wakitazama barabara, kama watu wanaongoja jambo moja. Abiria walipoitwa, Nzioka alipanda, akakaa upande wa pili, mbali na dirisha. Othman alirudi ghalani. Wanawake watatu walikuwa wamepanga magunia yao mbele ya mizani, na wa kwanza alikuwa akilalamika kwamba amengojeshwa.