Mstari Uliotoka Nje

Kosa lenyewe lilikuwa dogo mno, Raudha alilipita kwa macho mara mbili asilione. Kwenye lugha ya kompyuta aliyoandikia mfumo wake wa meseji, mstari ukisogea kushoto kidogo tu, umeshatoka nje ya sharti lake, na kompyuta inautekeleza kila mara. Mstari wa mfugaji mmoja, Lubasha, ulikuwa umesogea. Mkulima wa kijiji cha Mandawa akikuta ng'ombe ndani ya ufuta wake, anatuma jina la eneo, na mfugaji wa eneo hilo ndiye anayepaswa kupata meseji. Lubasha alikuwa akipata za kila eneo, hata ng'ombe wakiwa wa watu wengine kabisa.

Hakuwa na wa kumsingizia. Programu anayoandikia ilikuwa na kiherehere cha kuipanga mistari yenyewe kila anapobandika kitu, na Sadiki, mwenzake pale ofisini Nachingwea, alishamwonya: "Zima hicho kitu, dada. Kitakuja kukuumbua." Raudha alisema kesho, na kesho hiyo ikala msimu mzima.

Sasa alikizima. Akaurudisha mstari mahali pake kwa kubonyeza kitufe kimoja, akajaribu, mambo yakakaa sawa. Akapekua meseji zote za msimu: hakuna mkulima aliyewahi kutuma jina la eneo la Lubasha. Kulikuwa na cha kufurahia hapo? Alikumbuka Lubasha alivyosimama kwenye mkutano wa kijiji akiomba radhi kwa mashamba yasiyo ya eneo lake, naye mwenyewe, mtaalamu, akaongezea kwamba kompyuta haina chuki na mtu. Akafunga kompyuta, akaenda kwake Mandawa.

Alimkuta Lubasha peke yake, akiziba zizi kwa miiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Maneno aliyoyapanga njiani yote yaliyeyuka. "Ng'ombe wako hawakuingia kwenye mashamba ya watu, baba. Ni mimi niliyekosea kwenye kompyuta. Nisamehe. Nitalisema hili mbele ya mkutano."

Lubasha aliweka panga chini. Hakugomba, na heri angegomba.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Aliyekuwa anachunga ni mdogo wangu, Isaka," alisema taratibu. "Aliniapia kwa kaburi la mama yetu. Nikamwambia simu haidanganyi, wewe ndiye unalala porini. Nikamfukuza. Amerudi kwetu Usukumani, na simu yangu hapokei."

Machozi yalimtoka Raudha. Aliomba namba, akapiga kwa simu yake. Iliita mara chache, ikapokelewa. Akamnyooshea Lubasha, lakini mzee alirudi nyuma, mikono mgongoni.

"Zungumza naye wewe. Mimi alinipa neno lake nikalikataa."

"Haloo?" sauti ya kijana ilisema. "Nani mwenzangu?"

"Naitwa Raudha," alisema. "Ile simu iliyokusingizia kwa kaka yako ni mimi."