Moshi Ulioukataa Mlango

Moshi ule ulikuwa mbishi. Kila msimu wa kuzuru makaburi, Qiu Wanzhen alichora duara la chaki njia panda, nyuma ya ukumbi mkongwe wa chuo cha wamisionari, akaacha pengo dogo liwe mlango kuelekea kilimani, akawasha karatasi za wafu, noti za kuigiza ambazo moshi huwapelekea marehemu. Na kila mwaka moshi uliukataa mlango. Uligeuka, ukatambaa chini kwa chini, ukashika njia ya mahali pa kufulia.

Kilimani ndiko alikozikwa mama yake, mwalimu wa chuo, Wanzhen akiwa bado hajaanza kutembea. Mwaka wa ghasia za mapinduzi makaburi yaling'olewa, mawe yakatoweka, kilima kikawa uwanja wa mpira. Aliyekosa kaburi hupelekewa vyake njia panda. Lakini ukikosea mlango, mizimu wengine humpora. Hilo ndilo lililomnyima Wanzhen usingizi: mama yake, huko aliko, mikono mitupu.

Jirani yake Cuilan alimtania. "Mama yako mtu wa kanisa, shoga. Hizo noti za ahera atanunulia nini?"

Wanzhen akacheka naye, akaenda kufua. Palikuwa na bamba moja la jiwe lisilokauka hata kiangazi. Wenzake walilikwepa, wakisema lina baridi ya mtu. Yeye alilizoea tangu usichana, akapigia nguo zake hapo, na maji yakitulia alisikia mvumo chini yake, kama wa mtu akibembeleza mtoto kwa mdomo uliofumbwa. Hakumwambia yeyote.

Mwaka huu walikuja mafundi wa kukarabati majengo ya kale. Wakalibinua lile bamba. Matope yalipooshwa, upande wa chini ukatoa msalaba, na jina la mama yake, na pembeni, kama ilivyo desturi, jina la binti aliyemwacha: Wanzhen.

Loo! Moshi ulikuwa ukijua siku zote.

Mkuu wa mafundi alisema jiwe litasimamishwa bustanini, uso nje, wageni walione. Akauliza, kwa adabu, kama bibi ana neno.

Wanzhen alipitisha kiganja upande ule mwingine, uliolika kwa nguo zake, uliobonyea kwa magoti yake. Lilikuwa na joto.

"Lirudisheni lilivyokuwa," alisema. "Huu ni mgongo wake. Miaka yote hii amenibeba, na bado hajanishusha."