Kitufe cha Funga

Kampuni ilikuwa na watu wanne na chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Walitengeneza mfumo endeshi wa simu, yaani programu mama inayoiamsha simu na kuzibeba programu nyingine zote. Mifumo miwili mikubwa ilikuwa imekwisha kushika karibu kila simu iliyouzwa, na mwenye kampuni alijua kwamba akishindana nayo madukani angefyekwa kabla ya adhuhuri.

"Sisi hatutaki soko," aliwaambia wenzake. "Tunataka kona."

Kona ilipatikana: wauguzi wanaozunguka majumbani kupima watoto. Simu zao zilikuwa kuukuu, na mifumo mikubwa ilikuwa imeacha kuzihudumia. Mfumo wake uliziendesha bila kukwama, na kila neno kwenye kioo lilikuwa la Kiswahili. Maneno hayo aliyachagua dada yake mkubwa, mhariri wa vitabu vya shule, mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya kiambishi kimoja. Simu arobaini zilitolewa kwa majaribio ya miezi miwili. Yakifaulu, zingefuata elfu tatu. Kona ya pili haikuwepo.

Wiki ya saba aliingia Matroni, msimamizi wa wauguzi, akamwaga simu sita mezani.

"Haya, mafundi. Watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani, mama?"

"Waliopimwa uzito! Muuguzi wangu amezunguka mpaka soli imeachia, simu inasema hajamtembelea mtu. Mwezi wa kwanza nilisema ni mtandao. Sasa naona simu yenu inamwita mwenzangu mwongo."

Mwenye kampuni aliziunganisha na kompyuta, moja baada ya nyingine. Mfumo uliweka kumbukumbu ya kila mguso, si ya kilichoandikwa. Fomu zilijazwa vizuri hadi mstari wa mwisho, kisha kidole kiligusa Funga. Hakikugusa Hifadhi. Katika simu sita, ilitokea mara mia nne na kumi na mbili.

"Wamebonyeza Funga," alisema.

"Ulitaka wabonyeze nini? Kazi ikiisha si unafunga? Nimefunga mafaili miaka ishirini na saba. Faili likifungwa limekamilika, linakwenda kabatini. Nani anafunga faili halafu analichoma?"

"Funga ni kinyume cha fungua," alisema dada mtu kutoka mezani kwake. "Hata kamusi..."

"Kamusi haijawahi kupima mtoto, mwanangu."

Mwandishi wa programu alimwinamia bosi wake sikioni. "Tuseme betri. Simu zenyewe mikweche, nani atabisha?"

Mwenye kampuni alizitazama tarakimu kwenye kompyuta. Zamani palikuwa na swali dogo: ukigusa Funga, simu inakuuliza kama uhifadhi kwanza. Aliliondoa kwa mkono wake. Mifumo mikubwa inauliza maswali mengi, alisema siku ile, wetu usiulize.

"Si betri," alisema. "Ni sisi. Fomu zilifutwa kila zilipofungwa."

"Zinarudi?"

"Hazirudi. Hazikuandikwa popote."

Matroni alivuta kiti akakaa. Sauti yake ilishuka.

"Mkubwa wangu atachukua zile simu za wenzenu. Nimewahi kuzitumia. Maneno yake ya kigeni, hatuyajui maana nyingine, kwa hiyo hatukosei."



"Ungeweka neno gani?" mwenye kampuni alimwuliza dada yake.

"Lilelile. Ningeliacha swali."

"Hayo mtasemezana baadaye," alisema Matroni. "Kuna mtoto mmoja alikuwa anapungua kila wiki. Muuguzi wake aliniambia mlangoni, anakimbilia basi, kwamba yote ameyaandika. Kesho yake akahamishwa. Nampigia, hapatikani."

Mwenye kampuni alisimama, akachukua funguo za gari. "Twende tumtafute huyo mtoto nyumba kwa nyumba. Hata leo. Nipe orodha ya nyumba za muuguzi huyo."

Matroni alikuwa akizirudisha simu mfukoni. Ya mwisho aliishika mkononi, akamwonyesha.

"Orodha ilikuwa humuhumu, kwenye fomu zake, baba."