Kidole cha Bi Mejumaa

Mwalimu Karisa alikuwa na ugonjwa ambao hospitali haiutibu: hakuweza kupita mbele ya mchoro wenye kasoro akaendelea na safari yake. Kibao cha kinyozi mmoja pale Ukunda, chenye kichwa kilichochorwa kama papai, kilimkosesha raha kila alipokwenda kunyolewa, mpaka siku moja akaomba brashi akakirekebisha bure. Kinyozi alimshukuru sana. Huenda shukrani zile ndizo zilizomharibu.

Alifundisha Sanaa katika shule ya sekondari ya kutwa nje kidogo ya mji wa Msambweni, na Jumamosi alikwenda ufukweni Diani kuwauzia wageni picha zake: twiga, tembo, morani amesimama kwa mguu mmoja. Zilinunuliwa kwa sababu hazikuwa na kasoro. Morani wake wote walikuwa na vidole virefu vilivyonyooka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuketi mbele yake achorwe.

Mwaka huo wanafunzi sita tu wa kidato cha nne ndio waliochagua Sanaa. Walimu wa Hisabati hudhani ni somo la kupumzikia, nao wanajidanganya. Tangu mwanzo wa mwaka mtoto huchagua jambo lake, akalichora kwa penseli mpaka vidole vikawa vyeusi, akajaribu rangi, akakosea, akaanza upya, hadi ipatikane kazi moja ya mwisho itakayosahihishwa na watu asiowajua. Sharti kubwa la mtihani ni kwamba kazi hiyo isiguswe na mtu mwingine. Mwalimu aelekeze kwa mdomo, mikono aiweke mfukoni.

Mishi, msichana wa kijiji cha Kikoneni, alichagua kumchora bibi yake akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa bora kuliko wenzake wote, tena kwa mbali. Uso wa bibi ulitoka, leso aliyojitanda ilitoka, hata miyaa, yale majani ya kusukia, iliyotawanyika miguuni ilitoka. Kilichomsumbua Karisa ni mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani kama ndoana, na kilikuwa hivyo katika kila mchoro wa penseli, ukurasa baada ya ukurasa. Kila ukurasa Karisa alikizungushia wino mwekundu.

"Kidole hiki kimekaa vibaya," alimwambia.

"Ndivyo kilivyo, mwalimu."

"Wote husema hivyo. Tazama mkono wako mwenyewe, kisha uchore tena."

Mishi akautazama mkono wake mwenyewe, kwa adabu, kisha akarudi kuchora kilekile. Karisa akamhesabu kuwa mkaidi. Mtu aliyekuwa akiwaimbia wanafunzi kila wiki kwamba wachore wanachokiona, hakupata hata siku moja kujiuliza mtoto yule alikuwa anaona nini.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mishi akashikwa na homa akalala nyumbani. Jumapili alasiri Karisa alikwenda shuleni peke yake kuzitia fremu kazi za wanafunzi. Alipoifikia picha ya Mishi aliitazama mara moja, akaipita, akarudi. Alijiambia atalainisha kivuli tu, basi. Akachukua brashi. Kivuli kikataka kiungo kisogezwe kidogo, kiungo nacho kikataka ukucha, na kabla hajajionya kidole kilikuwa kimenyooka, chembamba, kimeshika ncha ya ukili kwa madaha. Ulikuwa mkono mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Akasimama akautazama na akaona raha. Baadaye, katika aibu zote alizozipata, raha ile ndiyo iliyomchoma kupita zote.

Michoro ya penseli, ambayo ilipaswa kutundikwa kando ya picha, akaifungia kabatini. Alijiambia ukuta hautoshi. Ukuta ulikuwa unatosha.

Mishi alirudi siku ya wazazi yenyewe, amekonda. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha yake, akasimama. Kisha akageuka kumtazama mwalimu. Karisa akamwinamishia kichwa kidogo, kama mtu aliyemfanyia mwenzake hisani asiyotaka itangazwe. Mishi alijua sharti la mtihani kama wenzake wote. Akisema, kazi itatupwa, na mwaka wake wote nayo. Akanyamaza. Karisa akadhani ni shukrani, kama za yule kinyozi.

Wazazi walijaa ukumbini. Mwalimu mkuu, Madam Jacinter, mtu wa bara mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, aliwapitisha mbele ya kazi moja baada ya nyingine. Walipofika kwa Mishi alisimama akagonganisha viganja.

"Wazazi, mnaona hii kazi? Angalieni huo mkono. Mimi nimekaa shule nyingi lakini sijaona mtoto anachora mkono namna hii." Akamgeukia Karisa. "Mwalimu, na hizi kazi zote ni za watoto wenyewe? Hakuna mkono mwingine umeingia hapo?"

"Hakuna, Madam," Karisa akasema. "Zote ni za mikono yao."

"Sawa. Na nimeambiwa huyo bibi wa kwenye picha tuko naye hapa. Bibi, kuja mbele tukuone."

Bi Mejumaa aliinuka kutoka safu ya nyuma. Alikuwa bibi mfupi, leso zake mpya kabisa, kikapu mkononi. Alifika mbele ya picha akaanza kuitazama kwa utulivu kutoka juu kushuka chini: uso, shingo, leso. Alipofika kwenye mkono alisimama hapo. Kisha akakihamishia kikapu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauingiza chini ya leso.

Ni katika kukihamisha kile kikapu ndipo Karisa alipouona. Kidole cha shahada kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani, kwenye kiungo kilekile alichokizungushia wino mwekundu.

"Bibi," mzazi mmoja akasema, simu tayari mkononi, "hebu utoe mkono uuweke kama pale kwenye picha, nikupige."

"Eeh, tuonyeshe huo mkono wa maana," akasema Madam Jacinter.

Bi Mejumaa akatabasamu. "Mkono wa mtu mzima una nini cha kutazamwa, wanangu? Tazameni kazi ya mtoto." Na mkono ukazidi kuzama chini ya leso. Watu wakacheka kwa mapenzi, na picha ikapigwa bila mkono.

Karisa alitamani sakafu impokee. Bibi huyu alikuwa ametoka Kikoneni asubuhi, amevaa leso za sanduku, aje ajione ukutani. Naye ameambiwa mbele ya halaiki kwamba mkono wake haufai. Tena ameambiwa na mjukuu wake mwenyewe, kwa maana jina lililoandikwa chini ya picha ni la Mishi. Na Mishi alikuwa amesimama pale akimtazama mwalimu wake. Ilihitajika sentensi moja tu. Karisa alikuwa nayo mdomoni. Madam Jacinter akaanza kupiga makofi, wazazi wakafuata, na Karisa, Mungu amsamehe, naye akapiga.

Wageni walipotawanyika alimkuta Mishi akipanga viti.

"Mishi, nilitaka upate alama unazostahili."

"Najua, mwalimu."

"Bibi amesemaje?"

"Hajasema neno." Alipachika kiti juu ya kingine. "Amekaa mbele yangu nimchore miezi yote hii, hata siku ambazo mgongo unamuuma. Leo anadhani nilikuwa naona haya na kidole chake. Na siwezi kumwambia sikukinyoosha mimi. Nikimwambia atakuja hapa kuuliza, na kazi yangu itafutwa."

Alisema maneno yale bila hasira yoyote, na Karisa angetoa chochote ili ziwepo hasira kidogo za kujitetea nazo. Aliokota kiti akakipanga mahali pasipotakiwa.

Jumamosi hakwenda Diani. Alinunua sukari na majani ya chai, akapanda bodaboda mpaka Kikoneni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na aliyapanga vizuri, ya heshima, yenye mwanzo na mwisho. Alimkuta Bi Mejumaa barazani akisuka ukili. Mishi alikuwa ametumwa dukani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

Hakuacha kusuka, wala hakuuficha mkono. Karisa akaketi na kwa mara ya kwanza akautazama. Kidole kile kilichopinda kilikuwa kinashika miyaa isifumuke wakati vidole vingine vikipitisha jani jipya, na kilifanya hivyo bila kukosea, jani baada ya jani. Yale maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoroka.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Kidole chako si Mishi aliyekinyoosha. Ni mimi."

"Najua," akasema Bi Mejumaa.

Akapitisha jani jingine.

"Mtoto yule alianza kunichora kwa kidole hiki, hata uso hajauanza. Nilipata mdudu wa kidole nikiwa kigoli, kikakauka hivi. Ndicho ninachokiinua kutoa shahada kwenye sala, na Mola hajanirudishia sala kwa sababu yake. Mishi amekishika tangu anajifunza kutembea. Nilipofika mbele ya picha nikasema, hapa pamepita mtu asiyenijua."

Karisa aliinamisha kichwa. "Nilikutia haya mbele za watu, bibi. Mpaka ukauficha mkono."

Hapo Bi Mejumaa akaacha kusuka. "Mimi? Haya ya nini? Kidole hiki nimekwenda nacho kwenye kila harusi ya Kikoneni. Wewe ulikuwa umeshasema mbele ya kadamnasi kwamba kazi ni ya mkono wa mtoto. Wale wenye simu wangetazama picha, wakatazama mkono wangu, wakarudi kutazama picha. Kisha wangekutazama wewe. Nilikusitiri, mwalimu."

Karisa hakuweza kuinua uso. Alikuja na sukari na majani ya chai kuifuta aibu ya bibi mzee, kumbe bibi hakuwa nayo. Iliyokuwa chini ya leso siku ile ilikuwa aibu yake yeye.

"Lakini leso yangu ni fupi," Bi Mejumaa akaendelea, kwa sauti ileile. "Imekufunika wewe, imemwacha mtoto nje. Tangu siku ile hali chakula akashiba. Ningeweza kumtuliza siku ileile. Nikasema, nimngoje mwalimu mpaka Jumapili, nione kama ni mtu. Sasa umekuja. Mishi akirudi dukani nitamwambia kwamba sina kinyongo naye. Hayo mengine utayasema mwenyewe, na usimwambie pembeni. Uongo uliusema mbele za watu."

Akamkaribisha chai. Karisa aliinywa yote, na hakuna chai iliyopata kumwia nzito kama ile.

Jumatatu alianza ofisini. Madam Jacinter alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Wewe ulinifanya nikapiga makofi," alisema.

Akamwambia kwamba barua kuhusu habari yake itakwenda juu, na hajui itarudi na nini. Bahati ya mtoto ni kwamba kazi hazijachukuliwa na watu wa mtihani: mkono ule utakwanguliwa mbele ya mashahidi, Mishi auchore upya mwenyewe, na mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayesimamia. Karisa atakaa mlangoni. Na kama Bi Mejumaa ataridhia kuja kuketi, gari la shule litamfuata.

Kisha Karisa akaingia darasani, akasimama mbele ya wale sita.

"Mkono uliosifiwa siku ya wazazi ni wangu," alisema. "Mishi aliuchora kama ulivyo. Mimi sikuwahi kuuona, nikamwambia amekosea. Halafu mwalimu mkuu aliponiuliza, nikasema uongo. Sasa amekubali uchorwe upya. Mishi, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka. Mishi akasema, "Naomba kisu cha kukwangulia, mwalimu," na hilo ndilo jibu alilopata.

Siku iliyofuata Bi Mejumaa aliletwa, akaketishwa kando ya dirisha na miyaa yake. Mishi alikwangua taratibu, rangi ikidondoka sakafuni kama maganda, na mkono mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora Karisa ukafagiliwa pamoja na taka za darasa. Yeye alikuwa mlangoni, mikono mfukoni. Alitazama kidole kikirudi kidogo kidogo. Hakikuwa laini kama kile alichokichora yeye. Kivuli kilikuwa kizito upande mmoja, na ukucha ulikuwa mnene.

Mishi akarudi nyuma hatua moja, akaikagua kazi yake. Kwa mazoea ya mwaka mzima akageukia mlangoni.

"Kimekaa sawa, mwalimu?"

Mkono wa Karisa ulitoka mfukoni wenyewe, ukaenda mbele kuonyesha pale penye kivuli. Aliuona ukiwa njiani. Akaurudisha.

"Mimi usiniulize," alisema. "Muulize mwenyewe."

Mishi akageuka. Bi Mejumaa akaiweka miyaa magotini, akakiinua kile kidole juu, kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyokiinua kila siku katika sala, akakiacha hapo mpaka wote waliokuwamo darasani wakakiona.